Mstari Kuzunguka Pampu

Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba asubuhi ile ya kupimwa maji, akisema kila mwenye shimo la kobalti ndani ya nyumba aseme ni choo. Ni yeye, simsingizii. Aliyemtuma ni mnunuzi wa mawe ya kobalti, yule mwenye mizani kwenye barabara ya Mutoshi. Tangu kazi za kampuni ya migodi zianguke, nusu ya majirani zangu walichimba chini ya vitanda vyao, na mashimo yale yalimnenepesha yeye.

Mi sikuchimba. Nilikuwa na kisima cha maji tu, na nyumba ya matofali niliyojenga baada ya kufukuzwa kambi ya kampuni.

Mama mhandisi alitoka Lubumbashi na kompyuta yake. Aliteremsha utepe kisimani mwangu, akanieleza polepole, maana shule yangu ni fupi. Maji ya chini yanatembea, alisema. Ukipima kimo chake katika visima vingi, kompyuta inakadiria yanatokea wapi mpaka kufika kwenye pampu ya kartie, ile tuliyonywea wote. Halafu angechora mstari kuizunguka: ndani yake pasiwe na choo, wala shimo, wala asidi. Nikapenda. Batoto wetu walikuwa wanaumwa tumbo kila wakati.

Akahamia kwa jirani. Jirani akaonyesha mlango wa chumba, akasema choo. Nyumba iliyofuata, choo. Iliyofuata tena, vyoo viwili. Mama akauliza vina vyake, wakataja kina cha kisima; akauliza mbona ni virefu hivyo. Shefu akajibu kwamba batu ba hapa wanakula vizuri. Watu wakacheka.

Mi nikaona nyumba yangu inaondoka. Vyoo virefu vyote vile karibu na pampu: hata mimi nilielewa kompyuta itasema nini: kartie yote ihame. Mashimo ya kobalti yangefukiwa tu. Nikamsogelea.

"Mama, haiko choo. Banachimba kobalti."

Shefu hakugeuka hata kidogo. "Umuache, mama. Huyu tata alisha kunywa lutuku, pombe ndiyo inasema."

Wakacheka zaidi. Mama akaomba afunguliwe chumba kimoja tu. Shefu akasema mke wa mwenye nyumba anaoga mle. Mama akaandika choo.

Ramani ilipotoka, mstari ulimeza kartie nzima. Meya akatuma polisi na makopo ya rangi nyekundu, wakapiga alama za kubomoa kwenye kuta, za wachimbaji na zangu pamoja. Wakabomoa, hawakuningoja hata nishushe mabati ya paa.

Mabati hayo ndiyo niliyorudi kuyatafuta. Nikakuta ua wa waya. Ndani, mashine kubwa ilikuwa inakula udongo pale kilipokuwa kitanda changu, na mnunuzi wa mawe amekaa kivulini pamoja na shefu. Mlinzi akanizuia langoni.

"Hapa ni eneo ya kulinda maji, tata. Batu habaingie."

Nikamuuliza, na ile mashine?

Akasema mashine haiendi choo.