Kijiko cha Asali

Jina la Barafu alipachikwa na wateja wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunywa juisi yake ikiwa vuguvugu. Aliiuza katika kibanda cha karibu na kituo cha mabasi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na alijisifu kwamba ulimi wake haujawahi kumdanganya. Basi mkewe, fundi cherehani, alipoambiwa kuwa ana kisukari na kukatazwa vinywaji vitamu, Barafu aliona kama aliyetukanwa ni yeye. Mwanamke aliyemzoesha juisi ya embe yenye povu, leo anywe maji matupu kama mgeni asiyetakiwa?

Akaingia jikoni. Alisaga tango na kipande cha tangawizi, akachuja kwa kitambaa cheupe, akakamulia ndimu, akapondaponda majani ya mnanaa na kuyatumbukiza kwenye jagi lenye barafu. Akaonja, akakunja uso. Kilifaa kuoshea vyombo. Hapo ndipo mkono ulipoiendea chupa ya asali. Kwa alivyojua yeye, asali haikuwa sukari. Sukari hutoka kiwandani. Asali ni kazi ya nyuki, na utotoni alilambishwa kwa kila kikohozi. Akatia kijiko kimoja. Kisha, kwa kuwa ulimi ulidai, akaongeza.

Kila mchana alimpelekea mkewe glasi pale penye cherehani, akasimama mlangoni kumtazama akinywa.

"Ningejua kisukari kinaleta mapenzi haya," fundi alimwambia, "ningeugua mapema."

Barafu alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Miezi ikapita, mishono ikaanza kwenda upande. Mteja mmoja alirudisha sketi, mwingine akaja kulalamikia kola. Fundi alisingizia taa, akasingizia uzi mweusi. Lakini asubuhi moja alimimina chai pembeni mwa kikombe, ikatiririka mezani naye hana habari, na mumewe akamshika mkono wakaenda kliniki.

Muuguzi, binti ambaye wangeweza kumzaa, aliuliza mama anakula nini na kunywa nini. Barafu akadakia. Alikieleza kinywaji chake kwa madaha, kama anavyowanadia wateja, na alipofika kwenye asali yule binti akaweka kalamu chini.

"Mzee, kwa mgonjwa huyu asali ni sukari vilevile."

Hakumkemea. Alieleza kwamba macho yalianza kuharibika zamani, kwamba asali si mkosaji peke yake, ila ilichochea. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili wangejitahidi kuliokoa. Katika yote hayo Barafu alisikia asali tu.

Walikaa kwenye benchi la nje. Barafu alijaribu kuomba radhi, likatoka swali.

"Hukuionja hata kidogo?" aliuliza.

"Niliionja siku ya kwanza."

"Na ulijua haikufai?"

"Nilishaambiwa hapahapa."

"Sasa mbona hukusema, mke wangu?"

Fundi alinyoosha kanga magotini, pale ambapo haikuwa na mkunjo. "Tangu niugue ulikuwa hujacheka," alisema.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Barafu aliinamisha kichwa, akalia bila sauti, watu wakipita.

Siku iliyofuata alitengeneza kinywaji bila asali. Fundi alikunywa, akakunja uso.

"Kibaya," alisema. Tangu waoane hakuwahi kukisema vibaya chochote kilichotoka mikononi mwa mumewe.

"Kibaya sana?"

"Sana. Keti tunywe wote."

Barafu akaketi. Mkewe aliinua glasi kuelekea dirishani, akaigeuzageuza mbele ya jicho lililobaki.

"Naona ukungu tu. Kina rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

Alikuwa mtu wa kunadi rangi za juisi kutwa nzima. Alitafuta neno, akatafuta tena. "Kile cha gauni ulilomshonea binti yetu alipoolewa," alisema.

"Ah," alisema fundi. Akaishusha glasi, akanywa hadi tone la mwisho.