Nta Inayoyeyushwa na Jua

Nilihamia Tabora peke yangu, nikapanga chumba mtaa wa Gongoni, nyuma ya duka la vitambaa. Ushirika wa wafuga nyuki ulikuwa umeniajiri kusimamia kile ambacho meneja alikiita kazi zisizoharibu mazingira. Wanunuzi wa nta walikuwa wameanza kuuliza kuni tunazochemshia nta zinatoka wapi, na bodi ikaona aibu kukosa jibu.

Mwanzo tuliandika sera, tukaibandika ukutani karibu na saa. Ikakaa hapo miezi, hakuna kilichobadilika. Malori yalibeba masega mabichi kutoka vijijini, na magogo ya miombo yaliendelea kushushwa uani. Nikamwambia meneja kwamba karatasi haipunguzi moshi. Tuifuate kazi yenyewe, tangu masega yanapokamuliwa asali mpaka nta inapofungwa, tuone kila hatua inakula nini.

"Ifuate," akasema. "Lakini usinigombanishe na watu."

Nikashinda na wafanyakazi nikiuliza. Kwa nini masega yanachemshwa mara mbili? Kwa nini takataka zinasafirishwa na lori kuja kutupwa mjini? Walinijibu kwa adabu. Ila nikikaribia na kikombe changu cha chai, mazungumzo ya Kinyamwezi yalikatika, wakanisalimu kwa Kiswahili safi. Walidhani nimeletwa kupunguza watu. Nikaanza kunywa chai ofisini, mlango nimeurudishia.

Ni wachemshaji nta tu walionipa nafasi. Walikuwa wanawake wachache waliozunguka mapipa yao uani, macho mekundu kwa moshi, wakisimuliana ya nyumbani tangu asubuhi. Mkubwa wao, mama mmoja wa kijiji cha Kwihara, alikuwa akinimegea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nilipomweleza mpango, alikoroga pipa lake kwanza.

"Kwa hiyo unataka kutuzimia moto, mwanangu?"

"Kuni zinaisha, mama. Jua la hapa linatosha kuyeyusha nta. Na ikiyeyushwa kijijini, lori litabeba nta tupu. Hakuna atakayeachishwa."

"Sijauliza kuachishwa. Nimeuliza moto."

Sikumwelewa. Nilirudia habari za kuni.

Fundi alitutengenezea masanduku ya bati yenye kioo juu. Wiki ya kwanza kulikuwa na mawingu. Masega yalilainika tu, na watu wakacheka. Meneja akataka kuyarudisha stoo. Nilimwomba asubiri, na mawingu yalipoondoka tukaona nta ikichuruzika, ya manjano, haina harufu ya moshi. Msimu uliofuata masanduku yaligawiwa vijijini, kila mwanamke na lake, afanyie kazi nyumbani kwake. Safari za lori zikapungua. Wale waliokuwa wakicheka wakaanza kuniuliza lini tutaikagua na mashine ya kukamulia asali. Haikuwa sera tena. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Bodi ilinipongeza. Niliporudi kwenye dirisha la ofisi yangu, uani palikuwa peupe, pamefagiliwa, hakuna mtu. Siku nzima nilisikia jenereta la jirani na simu yangu mwenyewe.

Nilikwenda Kwihara kukagua. Yule mama alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Nyepesi. Macho hayaniwashi tena, na nta inapendeza." Akapangusa kioo kwa upande wa kanga. "Ila kutwa sisemi na mtu. Wenzangu kila mmoja yuko kwake. Kule kwenye mapipa tulikuwa tunajua mtoto wa nani anaumwa."

Niliona haya kumwambia kwamba na mimi hivyo hivyo. Mwishowe nilimwambia. Hakushangaa. Aliniletea kigoda kingine, tukakaa mpaka kivuli kikafunika sanduku.

Jumatatu nilimwomba meneja masanduku ya kila kijiji yawekwe uwanja mmoja, wanawake wafanye kazi pamoja. Alinisikiliza vizuri.

"Kuni zitapungua zaidi?"

"Hapana."

"Mafuta ya lori?"

"Kidogo sana."

"Basi hilo si la idara yako," akasema, bila ukali.

Huwa nakwenda Kwihara Jumamosi, kama hakuna mvua. Jumapili nafua, napika chakula cha mtu mmoja, nafungua redio. Kule kazini wamenipa kazi ya mashine ya kukamulia, na mahesabu yake nayafanya peke yangu.