Mstari wa Kumi na Saba

Ilianza Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, nikiwa na jedwali la logi mapajani, na shangazi yangu, mtaalamu wa fizikia, akikoroma mkekani.

Alikuwa amerudi Mkumbara likizo kutoka Ulaya, ambako kwa miaka mingi amekuwa akichunguza nyota za nyutroni: nyota zilizokufa zikajikandamiza, hata kijiko kimoja cha nyota hizo kikawa na uzito wa mlima. Kijiji chetu cha ujamaa kilifurahi sana. Ndicho hasa tulichokuwa tumekosa.

"Kwenye hiyo nyota yako mahindi yanaota?" baba alimwuliza.

"Hayaoti, kaka."

"Basi njoo shamba la kijiji. Huko hata magugu yanaota."

Akaenda, akarudi na malengelenge mikononi. Kalamu haikushikika tena, na hesabu za nyota yake alizokuwa amezianza daftarini akaniachia mimi wa kidato cha tatu, nisiyeweza hata kuitika jina langu darasani kwa haya. Kazi yenyewe rahisi: unaanza katikati ya nyota, unatoka nje hatua kwa hatua, kila hatua mstari mmoja wa daftari. Mgandamizo unapungua mpaka unafika sifuri. Hapo nyota imeisha. Nikamaliza, akatia jibu kwenye bahasha, niipeleke posta Korogwe kwa basi la asubuhi. Profesa wake alikuwa akilisubiri kwa makala yao.

Sasa, Alhamisi hiyo, nikilikagua daftari, naona mstari wa kumi na saba, mwandiko wake mwenyewe, mgandamizo umepanda. Nikapiga upya mara tatu. Alikuwa amesoma safu ya jirani kwenye jedwali. Kosa lile lingechapwa na jina lake juu.

Alipoamka nikajikaza. "Shangazi..."

"Naam?"

"Nikuletee maji ya kunawa?"

Ushujaa wangu uliishia kwenye ndoo. Umwambie mkubwa amekosea, tena daktari wa nyota! Kwetu hata chumvi ikizidi tunasema mboga imekolea.

Asubuhi honi ya basi ikalia barabarani. Nilimwamkia nimekaa kigodani, kana kwamba sikufunzwa adabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bahasha iko wapi?"

"Shikamoo."

"Umeshaniamkia, wewe! Basi linaondoka!"

"Mstari wa kumi na saba, shangazi," nikasema, kwa sauti ambayo hata kuku hakugeuka.

Bahasha nilikuwa nimeikalia. Sikuinuka mpaka alipolifungua daftari.