Siku Niliyomfuata Baba Brayo Kwenye Uwanja wa Shabaha

Wale mlioniuliza hiki kikovu cha katikati ya nyusi nikawaambia niligonga mlango wa kabati, niwieni radhi, hakuna kabati lililonigusa. Niligongwa na bunduki, tena bunduki halali yenye kibali, mchana kweupe, mbele ya watu wazima waliovaa kofia safi, na aliyekuwa ameishika ni mimi mwenyewe. Aibu yake niliibeba kimya kwa muda mrefu, na hata sasa nikiikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimefunika uso kwa mikono. Na msinipe pole sana, kwa sababu kilichonifikisha pale ni wivu, wivu ule wa kukukosesha ladha ya chai.

Mimi kama mnavyojua ni msusi, saluni yangu iko hapa Umoja, na mume wangu Baba Brayo alikuwa mwanajeshi zamani, siku hizi anafanya kazi kwenye duka la bunduki mjini (ndiyo, yapo, ni ya wenye leseni, na ukiingia unakaguliwa kabla hujasalimiwa). Kazi yake ni kuwasaidia wateja wachague. Sasa huyu mtu akiwa nyumbani hana maneno. Ukimuuliza chakula kikoje anasema kiko sawa, ukimuuliza kazi ilikuwaje anasema ilikuwa sawa, na tulipoenda kununua pazia za sebuleni alisimama nje ya kibanda akiangalia barabara na kuniambia nichukue tu ninayoipenda, kisha jioni akauliza kama tumebadilisha pazia. Nilikuwa nimezoea. Nilijua ndivyo alivyoumbwa, nikaridhika, mpaka alipokuja Daktari Makena.

Daktari Makena ni mwanamke, daktari wa meno, na alikuwa anatafuta bunduki. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku kabla hata sijazaliwa, lakini yeye ana binamu mwenye shamba huko Namibia ambako watu wanawinda kwa kibali, na alikuwa amealikwa. Halafu huku Nairobi ni mwanachama wa kilabu cha kulenga shabaha, zile karatasi zinazowekwa mbali hadi huwezi kuona tundu la risasi bila darubini. Akataka bunduki moja tu ifanye kazi zote mbili. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, kwa sababu kumbe swali hilo ni gumu, na kumbe Baba Brayo analipenda swali hilo kuliko kitu chochote duniani.

Kila jioni simu inalia, anatoka nayo kwenye balkoni, na mimi niko jikoni dirisha liko wazi, nasikia yote. Nasikia anaeleza kwamba ya kuwinda iwe nyepesi maana utatembea nayo porini kutwa nzima, lakini ikizidi wepesi haitulii ukilenga mbali, na ukiifyatua inakupiga teke. Na ile ya shabaha mtutu wake ni mnene, inatulia kama jiwe, ila ukipanda nayo mlima utaiacha njiani. Anaeleza polepole, kwa upole, anarudia, anangoja aulizwe, anacheka. Mume wangu anacheka. Mimi nimesimama na mwiko, najiuliza huyu mwanamume mwenye maneno mengi na matamu namna hii alikuwa amefichwa wapi miaka yote hii. Siku moja nikamsikia akiuliza, “Mkono wako una urefu gani, Daktari?” na nikaacha ugali ukaungua. (Baadaye nilielezwa kwamba kitako cha bunduki hupimwa kulingana na mkono wa mtu. Wakati ule sikujua, na hata ningejua sidhani ningetulia.) Huyu mtu hajui hata mimi navaa kiatu nambari ngapi.

Basi ikafika Jumamosi ya Daktari kwenda kuzijaribu bunduki mbili zilizobaki baada ya kuchuja nyingine zote, na Baba Brayo na bosi wake ndio wa kumpelekea uwanjani. Alipokuwa anafunga kamba za viatu nikamwambia nakuja. Hilo ndilo kosa, hapo hapo, neno moja. Akaniangalia, akasema sawa, wageni wanaruhusiwa, ila nitachoka kukaa. Nikasema sitachoka. Na badala ya kuvaa kama mtu anayeenda kwenye vumbi, nikavaa ile gauni nyekundu ya harusi za watu, viatu vya kisigino, na kichwani nikaweka wigi langu refu kuliko yote, lile ninaloliweka kwenye dirisha la saluni ili kuvuta wateja. Nilitaka yule mwanamke akiniona ajue kuna mwenyewe.

Niwaambie ukweli, njiani nilikuwa naomba awe na sura mbaya. Hakuwa. Alikuwa amevaa suruali ya mifuko mingi na buti zenye vumbi, nywele zake fupi za asili, midomo mikavu, na bado alipendeza, tena bila kujishughulisha, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alinisalimia vizuri tu, akanikaribisha kiti. Mimi visigino vilikuwa vimezama kwenye nyasi, nikawa namjibu huku nimeinama upande mmoja.

Bunduki zilikuwa mezani, na mzee mmoja aliyeitwa Mutua, mkufunzi wa pale, alikuwa amesimama karibu akihakikisha hakuna anayegusa bila ruhusa yake. Moja ilikuwa nyeusi, ya wastani kwa kila kitu, si nzito si nyepesi, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya mbao iliyong'arishwa, ya risasi kubwa, nzuri hata mimi nisiyejua nikaiona ni nzuri. Baba Brayo alikuwa anaitetea ile nyeusi, anasema ndiyo itakayowinda na ndiyo itakayolenga, haitakuwa bora kabisa kwa kazi yoyote lakini haitamwangusha kwa yoyote. Daktari alikuwa anaitikia, ila macho yake yalikuwa kwenye ile ya mbao. Na walikuwa wamesimama karibu, bega kwa bega, wanazungumza ile lugha yao, mimi kama sipo.

Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye kiwanda cha bunduki, kwamba mimi ningechukua ile ya mbao.

Wakanigeukia. Daktari akauliza kwa heshima kabisa kama na mimi napiga shabaha, na mimi (Mungu anisamehe) nikasema nimekaa na huyu mume miaka mingi, bunduki nazijua. Baba Brayo akakohoa. Bosi wake naye akasogea kusikiliza.

“Mimi pia moyo wangu uko kwa hiyo,” Daktari akasema, “lakini mumeo ananiambia ina teke kali.”

“Anakutisha tu,” nikamwambia. “Mimi nitaipiga uone.”

Baba Brayo akanishika kiwiko, akasema taratibu, “Mama Brayo, hiyo usianze nayo.” Kama angekuwa amesema hivyo nyumbani ningesikia. Lakini alisema mbele ya Daktari, na mimi nikaona yeye anamchagulia kwa maneno matamu na mimi ananifanya mtoto, nikautoa mkono wangu. Mzee Mutua akasema mgeni anaweza kupiga akiwa amesimamiwa, akanikalisha mezani, akanivisha vile vya kuziba masikio juu ya wigi, akanionyesha pa kuegemeza kitako begani, na akanionya zaidi ya mara moja nisisogeze jicho karibu na darubini iliyofungwa juu ya bunduki. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa namwangalia Daktari kwa pembeni nione kama ananiangalia.

Alikuwa ananiangalia. Basi nikataka nimwonyeshe kwamba nalenga kweli, nikasogeza jicho ili nione ile karatasi vizuri, kisha nikasogeza tena, kope zikagusa kioo. Nikavuta.

Siwezi kuwaeleza ule mlio, kwa sababu sikuusikia kama mlio, niliusikia kama ukuta. Bunduki ikanirukia usoni, ukingo wa darubini ukanikata hapa, mimi na kiti tukaenda nyuma, na vile vya masikio vikaruka na wigi lote likiwa limenasa ndani yake, likatua kwenye nyasi mbele ya miguu ya bosi wa Baba Brayo, ambaye alirudi nyuma akidhani ni mnyama. Na chini ya wigi, wanawake wenzangu, kulikuwa na nywele za matuta za wiki iliyopita nilizokuwa nimeanza kuzifumua nikaacha nusu. Mimi, msusi.

Damu ikashuka hadi kidevuni. Mzee Mutua alikuwa ameshaidaka bunduki, akainua mkono, na mstari mzima wa wapigaji ukaacha kupiga, watu wakavua vya masikio kutaka kujua kumetokea nini. Baba Brayo alikuwa ameshapiga magoti akinishika kichwa, na mimi kwa uchungu na hasira nikataka kumnong'oneza neno la siri, letu wawili. Ila masikio yangu yalikuwa yanalia kengele, sikuisikia sauti yangu, na kumbe nilikuwa napaza kama muuza nyanya. Nikasema, “Angekuwa Daktari wako ungemshika asianguke. Mkono wake unaujua urefu, wangu hujawahi hata kuuliza.”

Mtu wa mwisho kabisa upande ule alisikia, nilimwona akiangalia viatu vyake.

Na nani mwingine angenitibu? Daktari wa meno. Alileta mkoba wake, akanikalisha kivulini, akaanza kunisafisha, uso wake karibu na wangu kiasi kwamba sikuwa na pa kuweka macho. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilingoja anikemee au anicheke, hakufanya lolote hadi alipomaliza kubandika, na ndipo akasema, “Huyu mumeo tumeongea wiki na wiki, na jina lako silijui. Kila nikimuuliza kitu kisicho bunduki ananijibu kwamba kiko sawa.”

Nikamwambia naitwa Nekesa. Akasema, “Nekesa, umenisaidia. Nilikuwa nimeshaamua kuchukua hiyo ya mbao, nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia.” Akainuka akaenda kumwambia bosi kwamba anachukua nyeusi. Kwa hiyo biashara ilifanyika, na Baba Brayo hakufukuzwa, ingawa bosi wake hadi leo akinisalimia huniangalia kwanza kichwani. Wigi aliniletea mzee Mutua, amelikung'uta, amelikunja vizuri kama bendera.

Tukarudi nyumbani. Mimi nilijua nimemwaibisha mahali anapoheshimiwa, na pengine ndipo mahali pekee, na hilo liliniuma kuliko jeraha. Tulipofika mlangoni akasema, “Ungeniuliza tu.” Nikamuuliza ningemuuliza nini. Akafikiri, akasema, “Chochote,” akaingia ndani.

Kesho yake baada ya kanisa (ambako ndiko nilikotunga ile habari ya kabati) nimekaa sebuleni na bandeji yangu, akaja na utepe wa kupimia, akaketi karibu nami bila maelezo, akaushika mkono wangu, akaukunja kwenye kiwiko, akapima kutoka kwenye kunjo hadi kwenye kidole. Akaangalia. Akapima tena. Kisha akaniambia kwamba ile bunduki kitako chake kilikuwa kifupi kwangu, ndiyo maana jicho lilifika karibu na kioo kwa urahisi, si ujinga peke yake. “Una mikono mirefu,” akasema. “Mirefu kuliko ya Daktari.”

Najua ni jambo dogo. Lakini niliifurahia sentensi ile mpaka nikaona haya, na nikamwomba airudie, akairudia. Nikamuuliza, kama angekuwa ananichagulia mimi, angenichagulia gani. Uso wake ukafunguka kabisa. Akasogeza kiti, akaanza na uzito, akaja kwa mtutu, akaeleza kwa nini mtutu mfupi unafaa kichakani na mrefu unafaa uwanjani, akaingia kwenye upepo, jinsi upepo unavyoisukuma risasi kadiri inavyokwenda mbali, polepole, kwa upole, akirudia, akingoja nimuulize. Ile sauti niliyoisikiliza dirishani na kuililia sasa ilikuwa yangu peke yangu, sebuleni kwangu. Na mimi nawaapia, kabla hajamaliza upepo, nilikuwa nimelala fofofo.

Nilipoamka alikuwa amenifunika leso, na alikuwa bado anaendelea, amefika kwenye mvua.

Kwa hiyo mimi nimeapa. Jicho langu halitakaribia kioo cha darubini tena, na neno la siri sitamwambia mume wangu kabla kengele za masikio hazijanyamaza. Na Daktari Makena akipiga simu jioni, maana bado anapiga, sasa anauliza habari za risasi, namfungulia Baba Brayo mlango wa balkoni mwenyewe. Kisha naacha dirisha la jikoni wazi kidogo. Kidogo tu.