Zege Lililoinamia Nyumbani

Nilisimamia ujenzi wa njia ya zege ya waenda kwa miguu, mtaani Ngamiani. Kanuni nilijifunza mwenyewe vitabuni: zege liinamie mtaroni. Upande wa kwanza wa barabara mtaro ulikuwa kulia kwetu, nikawaandikia mafundi, “Inamisha kulia.” Tulipovukia upande wa pili, tukielekea kulekule, sikubadilisha neno, na huko kulia ni milango ya watu.

Bi Mwanaidi alinishauri kutoka barazani kwake, “Mwanangu, mwaga ndoo moja tuone maji yaendako.”

“Vipimo havihitaji ndoo, bibi,” nikamjibu, nikijiona mhandisi.

Masika yalipoanza, mumewe alifariki. Nilikwenda kuzika, nikakuta wanaume wameliinua jeneza ukumbini, maji yamewafika vifundoni.

“Karibu, mwanangu,” Bi Mwanaidi alisema nyuma ya pazia. “Maji yako yametangulia.”