Matusi ya Mama Mkwe kwa Wafaransa

Mama mkwe wangu ni Mgujarati wa Tanga, na mimi ni Mdigo wa hapo hapo Tanga, lakini tulikuja kujuana Ilford, pembezoni mwa London, nilipoolewa na mwanawe. Mwaka jana alitutembelea profesa mmoja aliyezaliwa Delhi, mtu wa skafu ndefu, akitafuta bibi vizee wanaokumbuka nyimbo za kale. Alikunywa chai yetu, akamrekodi mama mkwe kwa simu, akaondoka huku akitikisa kichwa kwa utamu. Hakuuliza maana ya hata neno moja. Wasomi wa namna ile hawaulizi, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba Kigujarati chao ni cha kuombea maji.

Angeuliza, ningemwambia. Nyimbo zile zinaitwa fatana, nazo ni matusi ya harusi. Pande mbili zinazooana hutukanana kwa kuimba, na aliyeimba hakai chini mpaka ajibiwe. Ni jamaa wa mipasho ya taarabu, ila huku kutukanwa ni heshima, maana humtukani mtu usiyemtaka awe mkweo. Mama mkwe alikuwa bingwa wa mambo hayo Tanga nzima. Waliokuwa wakijibizana naye wamekufa, na mabinti zao siku hizi wanakodi DJ. Kila mtu nyumbani alidhani kinachomdhoofisha ni uzee. Mimi nilijua ni kukosa wa kumjibu.

Baada ya miezi michache ukaja mwaliko wa profesa: mama mkwe akaimbe kwenye jioni ya kubadilishana fasihi kati ya Ufaransa na India. Watu hawa wana nchi zao, wana kumbi zao, lakini ikabidi waje kupendana katikati ya London, tena kwa Kiingereza. Mwaliko ulisema jioni hiyo itakuwa ndoa ya fasihi mbili. Nikamsomea mama mkwe.

"Ndoa?" akauliza. "Bwana harusi nani?"

"Mfaransa, nadhani. Kuna mshairi wao anakuja."

"Basi sie upande wa bibi harusi," akasema, akaenda kutafuta sari yake nyekundu.

Nilijua anakokwenda. Nilitaka kuona.

Tulikwenda watatu. Wa tatu alikuwa rafiki yangu, Mkongomani wa Tottenham ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Nilimwomba aje kwa ajili ya Kifaransa chake. Ukumbini tulikuta mishumaa, ubani na watu wa mashati ya kitani wanaozungumza kwa kunong'ona, kama matangani kwa tajiri. Meza moja ilikuwa na mvinyo wa Kifaransa, ya pili sambusa ndogo kama kucha. Kubadilishana nilikokuona kwa macho yangu ni huko tu. Mfaransa mmoja aliniuliza natoka sehemu gani ya India.

Zikaja hotuba. Mshairi wa Kifaransa, mzee mnene mwenye kofia, akaisifu roho ya India. Profesa akaisifu akili ya Ufaransa. Nikajiuliza kama maana yake ni kwamba India haina akili na Ufaransa haina roho, lakini hakuna aliyejishughulisha na swali hilo.

Kisha mama mkwe akaitwa. Alisimama mbele ya mshairi, mkono kiunoni, akamwimbia huku akimnyooshea kidole. Nyimbo hizo amenitafsiria sana jikoni, kwa hiyo nilifuata kila kitu. Mmekuja kuoa na tarumbeta ya kuazima. Baba wa bwana harusi kala ladu zote, vitamu vya harusi, ya mwisho kaificha kofiani. Tumbo lake limefika leo, mwenyewe atafika kesho. Kila alipotaja tumbo alilionyesha, na mwenye tumbo alikuwa amefumba macho.

Alipomaliza, mshairi akafungua kijitabu na kusoma tafsiri yake ya Kifaransa ya wimbo aliourekodi profesa, taratibu, sauti ikimtetemeka. Rafiki yangu akasikiliza huku amekunja uso.

"Anasema ule bwana-arusi ni Mungu," akaninong'oneza.

"Na tumbo?"

"Ile tumbo ni dunia yote. Na ladu njo roho ya mutu. Mungu anaificha ku kichwa yake."

Mama mkwe alinigeukia, bado amesimama. "Amenijibu?"

"Bado, mama. Anasema wewe ni mcha Mungu."

"Sikumwambia habari za Mungu. Nimemwambia ana tumbo."

Profesa akamletea kiti. Hakukitaka. Magoti yake ni mabovu, nami niliyaona yakitetemeka ndani ya sari, lakini alibaki palepale akimkodolea macho yule mshairi, akimsubiri. Watu wakamwona bibi kizee amesimama kimya, wakadhani ndiyo ibada yenyewe, na wao wakasimama, ukumbi mzima, viganja vimekutanishwa kifuani. Mama mmoja alikuwa analia.

Niliwachukia. Si kwa ujinga wao, ujinga sote tunao. Niliwachukia kwa sababu mwanamke alikuwa anawachokoza kwa mapenzi, anawaomba jambo moja tu, nao wakampa taadhima ya kupewa sanamu.

Kwetu mkamwana hamjibu mama mkwe, hata jina lake halitamki. Lakini nikayatazama yale magoti, nikainuka, nikajibu kwa sauti ya taarabu niliyorithi kwa mama yangu:

Tumbo la mgeni waona, sufuria yako huoni,
dengu umechoma Tanga, moshi twauvuta Ilford.
Mwana umemlea wewe, kufua soksi hajui,
umenipa mzigo wako, kisha wadai ahsante.

Profesa akawa anapekua kijitabu akiutafuta ubeti huo.

Mama mkwe alikuwa na ruhusa ya kukaa sasa. Hakukaa. Alimpa mshairi mgongo, akanitazama juu mpaka chini, na nikaona mdomo wake unapambana na kicheko. Akaanza upya, na safari hii aliimba Kiswahili, ili nisije nikasingizia sikuelewa.

Mamako alileta nazi, kaila yote njiani, sie katuachia kifuu.

Siku niliyoolewa, kwenye ofisi ya msajili, mama yangu alikuwa amesafiri kutoka Tanga na majibu yake tayari, kwa kuwa mila hiyo Tanga hakuna asiyeijua. Hakuimbiwa hata neno. Alipewa chai na keki, akazungumzishwa kwa adabu mpaka jioni. Alirudi nyumbani akiwa na neno moja tu: wale hawatutaki.

Nikatoa simu nikampigia mama yangu Tanga. Akapokea. Sikumsalimu, nikaiinua simu juu ili asikie vizuri anavyotukanwa: nazi yake, kanga zake, miguu yake ya bata. Ubeti ulipokwisha nikairudisha sikioni. Mama yangu alikuwa anahema.

"Mpe simu," akasema. "Mwambie asikae."