Viatu Vilivyombana Ndanu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kila ninapokuona umenuna kwa sababu watu wameanza kuchezea simu zao ukiwa katikati ya hadithi. Nilikuwa kijana hapa mtaani Mowlem, nimemaliza shule juzi juzi, na kila palipokuwa na matanga mimi ndiye niliyeitwa kuwasemea majirani. Sauti yangu ilikuwa nzito na niliipenda mwenyewe. Usinicheke.

Aliyefariki alikuwa Mzee Mutiso, mchonga vinyago. Binti yake Ndanu alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Machakos, alikolelewa na nyanyake. Hakuwahi kuishi na babake. Watu wa upande wa mama walikosana na mzee zamani na hawakutaka aonekane kwao. Alikuwa ameketi karibu na lango, begi mapajani, na ameshasema hangojei mazishi.

Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema, mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Watu wakaitikia amina. Ndanu akaniuliza taratibu, "Na yule mlizika kabla yake, mlisema alikuwa aje?"

Yule naye nilikuwa nimemsemea mimi. Nilikuwa nimesema maneno hayo hayo.

Mama Wambui, muuza mboga, akanitolea macho. "Kijana, keti. Hayo hata mtu hakumjua anaweza sema." Kisha akamgeukia Ndanu. "Babako alikuwa anakuja kwa kibanda yangu kila Disemba na kipande ya mbao. Anaomba Wambui wangu akanyage hapo, anachora mguu yake na penseli. Nikajiuliza, huyu mzee anataka kuchonga mguu? Kumbe wewe na Wambui ni rika moja, na huko kwenu hakuna mtu angemwambia saizi yako. Anabeba hiyo mbao mpaka sokoni, anapimia viatu, anakutumia."

Watu wakasogeza viti karibu. Sote tulitaka kujua viatu vilifika wapi.

Ndanu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Vilifika, lakini vilikuwa vinanibana," akasema. "Kila Krismasi. Nilidhani ananunua tu chochote, hajali." Akacheka, kisha akalia sana, na begi akaliweka chini. Alibaki hadi tukamzika babake.

Mpaka leo hujiuliza kwa nini kipande cha mbao kiliweza kazi iliyozishinda sifa zangu zote. Nadhani ni kwa sababu kilituonyesha mtu anayetaka kitu, na njia imefungwa, nasi tukawa na hamu ya kujua ikawaje. Kwa hivyo, mwanangu, usituambie fulani alikuwa na upendo. Tuambie alifanya nini kwa mikono yake, kisha nyamaza tuone wenyewe. Wala usiikalie kimya hadithi ya mtu unayoijua. Ndanu alikua akidhani hapendwi, na miaka hiyo yote jibu lilikuwa hapa, kwenye kibanda cha mboga.

Mungu akupe macho ya kuona vitu vidogo na ulimi usio na haraka. Na siku yako ikifika, awepo jirani anayejua ulikuwa ukipima mguu wa nani.